Mzigo wa Kwenye Keria

Nilicheka kwenye gari lililombeba mama yangu. Nasema mapema ili mwenye kunilaumu anilaumu sasa hivi, halafu tuendelee. Tulikuwa tumemtoa hospitali mjini Shinyanga, tunampeleka Tinde kwa watu wa baba, jeneza limelazwa katikati ya gari na sisi tumekaa pembeni, magoti yetu yanaligusa kila gari likipita kwenye tuta. Mbele walikuwa wamefunga matawi mabichi. Nje, vijana wa bodaboda walikuwa wanazima pikipiki na kusimama. Mzee mmoja aliyepakia magunia ya mkaa kwenye baiskeli alihangaika kushuka, mzigo unamvuta huku na huku, lakini alishuka, akasimama ukingoni mwa barabara, akavua kofia.

Nilipomwona yule mzee, nikasikia harufu ya samaki. Mle ndani hapakuwa na samaki. Palikuwa na shangazi yangu, palikuwa na baba aliyekuwa anaangalia vidole vyake vya miguu tangu tuondoke mochwari, na palikuwa na mama. Kicheko kikanitoka kabla sijakizuia. Shangazi akanifinya paja, alidhani uchungu umeanza kunichanganya. Baba akainua uso akanitazama, na kwa jinsi alivyonitazama nikajua na yeye ameisikia hiyo harufu.

Basi niwaeleze, ninyi rika langu mliokulia kwenye keria ya baiskeli, mnaojua kukaa miguu mmeitanua ili kisigino kisiingie kwenye spoku. Nina kovu mpaka leo, na najua wengi wenu mnalo.

Wakati huo tulikuwa tunaishi upande wa machimbo, mbele ya Geita, kwenye kijiji ambacho nusu ya watu wake walikuja kufuata dhahabu na nusu walikuja kuwauzia hao wa kwanza vitumbua na betri za tochi. Baba alikuwa Msukuma wa Tinde aliyeacha pamba akashika sululu. Mama alikuwa Mzinza wa Nkome, mtoto wa ziwani, na kwake ugali bila samaki ulikuwa ni adhabu. Mwaka ule alijifungua mtoto ambaye hakulia. Baada ya hapo homa ikamkalia, ikawa inatoka asubuhi inarudi jioni. Zahanati walimtundikia dripu, akarudi nyumbani, akalala uso ukutani. Chakula kikagoma kupita. Uji alitapika, mtori alitapika, hata chai ya rangi ilikaa dakika mbili tatu ikarudi. Mikono yake ilikonda mpaka bangili aliyokuwa hawezi kuivua ikawa inaanguka yenyewe.

Jioni moja akasema, "Ningepata samaki wa kwetu, mbichi, wa kuchemshwa na ndimu, nadhani ningekula."

Baba alifurahi kama aliyeambiwa mgonjwa amepona. Alitoka nje saa hiyo hiyo akaanza kupaka cheni mafuta. Mimi nilitumwa maji bombani, na pale bombani nikamkuta jirani yetu, Mama Masanja, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na mlango, anamwambia mwenzake, "Mama Kabula anataka samaki wa kwao. Mgonjwa akishaanza kutamani chakula cha kwao, huyo anaaga." Wakaguna wote wawili, wakajitwisha ndoo zao. Kabula ni mimi. Nilisimama pale mpaka ndoo yangu ikajaa ikamwagika miguuni, na sikumwambia mtu yeyote nilichosikia. Niliona nikikisema kitakuwa kweli.

Mpango wa baba ulikuwa hivi. Samaki mbichi wa maana alikuwa hafiki kwetu, aliyefika alikuwa amekaushwa au macho yameshazama. Kwa hiyo lazima kwenda mwenyewe. Tungekwenda kwa baiskeli, mwendo wa kutwa nzima, kwa sababu kwenda Nkome sehemu kubwa unateremkia ziwani na miguu inakuwa bado mipya. Kurudi tusingeweza kwa baiskeli, samaki angeoza njiani. Tungerudi juu ya fuso ya dagaa, dereva wake alikuwa mtu wa mjomba wangu, baiskeli nayo ingepanda juu ya magunia. Simu ilikuwa moja, baba akamwachia mama kitandani.

Na mimi nilikwenda kufanya nini? Nilikwenda kuwa mdomo wa baba. Kwa baba, na kwa wazee wake kabla yake, mwanamume hasimami uso kwa uso na mama mkwe wake akaanza kumwomba vitu. Anainamisha kichwa, anapita pembeni, na akiwa na shida anatuma mtu. Mtu wa kutumwa nilikuwa mimi, sina mdogo wala mkubwa.

Mama alinishika mkono kabla hatujaondoka. Kiganja chake kilikuwa cha moto na kikavu. Akasema, "Nendeni salama." Njiani, nimeshika shati la baba lililolowa jasho, nikamuuliza, "Baba, mtu akiaga anasemaje?"

"Anasema kwaheri," baba akajibu huku anahema. "Kwa nini?"

"Basi tu."

Mama hakuwa amesema kwaheri. Alikuwa amesema nendeni salama. Nililishika hilo neno kutwa nzima, na kila nilipoanza kuogopa nililirudia kimoyomoyo, na lilinisaidia mpaka tukaliona ziwa.

Nkome ilinuka dagaa. Walikuwa wameanikwa mchangani mpaka kwenye vizingiti vya nyumba za watu, na bata na watoto walikuwa wanapita kwenye vinjia vilivyoachwa katikati. Baba alisimama nje ya ua wa bibi, mgongo ameupa nyumba, macho ziwani, kofia mkononi. Mimi nikaingia. Bibi alikuwa ameshamwona, lakini alisema na mimi.

"Mwambie baba yako shikamoo nimeipokea."

"Amesikia, bibi. Yupo hapo tu."

"Wewe mwambie."

Nikatoka hatua tatu nikamwambia baba, baba akaliambia ziwa kwamba anashukuru, nikarudi ndani. Tulikwenda hivyo jioni nzima. Nilipofika kwenye habari za mama, za mikono na bangili na uji, bibi alikaa chini. Akauliza, "Amesema anataka samaki wa kwetu? Kwa mdomo wake?" Nikasema ndiyo. Bibi akaguna, na mguno wake ulifanana sana na ule wa bombani.

Mjomba akajaribu kupiga simu. Iliita, ikaita, ikakata. Akapiga tena, akaambiwa mteja hapatikani. "Chaji," mjomba akasema. "Eeh, chaji," baba akasema, na ugali wake hakuumaliza.

Alfajiri mjomba alitoka ziwani na sangara. Nasema sangara na ninyi mnafikiria kipande cha sokoni. Huyu alikuwa mrefu kunizidi mimi kidogo, ana tumbo jeupe na jicho linalong'aa, mjomba alimficha asiende na magari ya kiwanda. Wakamtoa utumbo, wakamjaza barafu waliyoipata kwa watu hao hao wa magari. Bibi akamfunga mwenyewe. Akamviringisha kwenye magunia yaliyolowa, juu yake nailoni, juu yake mkeka. Mkeka ulikuwa umechakaa, barafu ikawa inachungulia kwenye matundu. Bibi akaingia ndani, akavuta shuka lake jeupe kitandani, akamfunika samaki kutoka kichwani mpaka mkiani, akafunga kamba juu, katikati na chini.

"Mwambie baba yako hili shuka mama yako akalifue ajifunike, lina jasho la mama yake," akasema.

Baba alikuwa palepale nje ya ua. Akaitikia kwa kichwa. Mkwe ameshafunga, yeye angesema nini?

Juu ya fuso tulikaa kwenye magunia ya dagaa, samaki amelala kati yangu na baba, baiskeli imefungwa ubavuni. Sijawahi kuogopa gari kama lile. Lilikuwa linalala upande kila kwenye kona, utingo anaimba, na mimi nimeshika kamba ya samaki kwa mikono yote miwili kana kwamba yeye ndiye angenizuia nisianguke. Baba alikuwa anatazama mbele tu. Kabla ya kufika njia ya kwetu, dereva akapigiwa simu na mwenye mzigo, kule mjini mvua inajikusanya awahi dagaa wasilowe, akasema hapiti tena kule, atatushusha njiapanda. Njiapanda mpaka nyumbani ilikuwa bado mwendo mrefu. Baba akasema si neno, tuna baiskeli.

Utingo akaifungua baiskeli akaining'iniza hewani. "Mzee, pokea." Baba alikuwa bado anampokea samaki. Baiskeli ikaangukia gurudumu la mbele.

Nilimwona baba anainama, anaibana rimu kwa magoti, anaivuta kwa mikono yake ya machimboni, lakini haikunyooka. Ilikubali kuzunguka tu, na kila ilipozunguka ilikwaruza uma: kwaruu, kwaruu. Kupanda haiwezekani. Basi akaomba ubao kwa muuza soda wa pale, akaulaza kutoka kwenye keria mpaka juu ya usukani, akamlaza samaki juu yake, akamkaza kwa mipira ya tyubu. Jua lilikuwa la utosi. Akaogopa barafu itaisha, akaenda porini akakata matawi mabichi, akayapanga juu ya lile shuka jeupe. Akashika usukani, mimi nikashika keria nyuma nisukume, tukaingia njia ya vumbi.

Wewe unayesoma umeshaona. Sisi hatukuona. Sisi tulijua ni samaki, na ukishajua kitu ni nini, huwezi tena kukiangalia kwa macho ya asiyejua. Tena mtu anayesukuma baiskeli haangalii mzigo wake. Anaangalia gurudumu na mawe.

Wa kwanza alikuwa kijana mwenye madumu ya maji. Alikuja kwa kasi, akatuona, akashika breki, akashuka. Akasimama kando ameinamisha kichwa mpaka tukapita. "Poleni," akasema. Baba akajibu asante, tulikuwa tumechoka kweli. Wa pili alikuwa mzee mwenye jogoo kwenye usukani. Naye akashuka, akavua kofia. Wa tatu na wa nne walikuwa wanakuja wanacheka, kicheko kikakatika, wakashuka.

Hapo nikaanza kuogopa. Nilikuwa mtoto, lakini hilo nilikuwa nalijua, kila mtoto wa kwetu alikuwa analijua. Baiskeli haipitishwi mbele ya msiba mtu akiwa amekaa juu yake. Ukipita nyumba yenye msiba unashuka, ukikutana na wafiwa unashuka. Nikatazama kushoto na kulia nitafute nyumba yenye msiba. Palikuwa na mahindi tu. Nikatazama njia nzima, hapakuwa na wafiwa ila baba na mimi.

Na kuna jambo la pili nililokuwa nalijua. Kwetu mtu haambiwi msiba wake njiani. Duara, shimo la dhahabu, lilipomfukia kaka yake Mama Sita muuza nyanya, walimfuata gengeni wakamwambia mgonjwa amezidiwa, twende nyumbani, na njia nzima wakamzungumzisha habari za nyanya. Alijua alipofika mlangoni na kukuta viti vimetolewa nje. Kwa hiyo kuuliza hakukuwa na maana. Wangenidanganya wote, kwa wema.

"Baba," nikasema, "kwa nini wanashuka?"

Akaukaza usukani. Kwaruu, kwaruu. "Wana adabu tu."

"Baba, mama..."

"Wewe sukuma."

Sauti yake haikuwa yake. Baba alikuwa mtu wa utani, mtu wa kuimba akisukuma mlima, na tangu yule mzee wa jogoo hakuwa ameimba. Shati lilikuwa limemganda mgongoni na nyuma ya shingo kulikuwa na mshipa unaoruka. Alianza kuongeza mwendo. Barafu ilikuwa inayeyuka, maji yanadondoka vumbini nyuma yetu, yana wekundu kidogo, na nzi wawili watatu walikuwa wametuandama.

Tukapita mji mmoja wa watu, nyumba tatu nne kando ya njia. Bibi kizee akatoka, ameshika fimbo, akaja moja kwa moja kwa baba. Hakuuliza kitu. Akamshika mkono, akamwekea noti iliyokunjwa kiganjani, akakifunga kiganja cha baba kwa vidole vyake mwenyewe. "Mwadila, ng'wanone," akasema kwa Kisukuma, habari za mchana, mwanangu. Baba akamwinamia. Ile ni rambirambi, hata mimi nilijua. Rambirambi haipewi mtu anayesukuma samaki. Inapewa mtu aliyefiwa. Ikawa sisukumi tena ile baiskeli, inanivuta.

Niligeuka nyuma nikaona wanawake. Walikuwa wametoka shambani, majembe begani, na walikuwa wanatufuata. Hawakuwa wanaongea. Mmoja aliweka kuni zake chini, akajifunga kanga kiunoni, akajiunga nao. Baadaye kidogo walikuwa wengi zaidi.

"Usiangalie nyuma, Kabula," baba akasema bila kugeuka.

Mwanamke mmoja mnene, mwenye sauti ya upole, akanifikia, akaniwekea mkono begani. Akatembea na mimi. "Pole, mayo," akaninong'oneza, ananiita mama kwa Kisukuma. "Alikuwa anaumwa siku nyingi?"

Alikuwa. Hakusema anaumwa, alisema alikuwa anaumwa.

"Ndiyo," nikasema.

"Chakula alikuwa anakula?"

"Alikuwa anatapika."

Yule mama akatikisa kichwa taratibu. "Basi amepumzika," akasema, na akanifuta pua kwa upindo wa kanga yake.

Sikulia. Najua mngetegemea nilie. Nilihisi baridi tu, kwenye jua lile, na nikawa nafikiria vitu vya ajabu. Nilifikiria nani atanisuka Jumapili. Nilifikiria kwamba alisema nendeni salama, na kwamba huenda kwa Kizinza ndiyo kuaga kwenyewe, na mimi kwa ujinga wangu nililibeba neno hilo kutwa nzima nikidhani ni dawa. Nilifikiria samaki: atapikwa vipi, ataliwa na nani. Nikamchukia yule samaki. Nyuma yetu mtu akaanzisha wimbo wa kanisani, chini chini, wengine wakaupokea, na baba akazidi kuongeza mwendo, akawa kama anaukimbia.

Tulipofika kwenye mnara wa simu, pale kijiji kinapoanza kuonekana, kijana mmoja alituacha akakimbia mbele. Haikuchukua muda nikasikia yowe. Namjua Mama Masanja hata akilia gizani. Alikuwa analia kutokea upande wa nyumba yetu, na sauti nyingine zikamfuata, na nikawaona watu wanakimbia kuelekea kwetu kutoka gengeni, kutoka kwa fundi baiskeli, kutoka kila mahali.

Ilikuwa imekwisha. Baba alisimama. Kwa mara ya kwanza aligeuka akaniangalia, na uso wake ulikuwa wa kijivu kama wa mtu aliyetoka shimoni. "Njoo tuingie, mwanangu," akasema. Nilijificha nyuma ya keria, kichwa nimekiinamisha chini ya mzigo, nikawa naona miguu ya watu tu na maji yanayodondoka. Sikutaka kuona viti nje.

Tukaingia uani. Kilio kilikuwa kila upande. Halafu mlango ukafunguka, najua ulifunguka kwa sababu ule mlango ulikuwa unalia bawaba, na kilio cha wale walio karibu kikapungua.

Nikasikia, "Kabula."

Niliinua kichwa kidogo tu. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Ameshika ukuta kwa mkono mmoja, kanga imemteremka, mifupa ya mabega imesimama. Mama yangu ambaye kwa wiki nyingi alikuwa hawezi kwenda chooni bila kushikwa. Hakuwa ananiona. Watu walikuwa wengi na mimi nilikuwa chini nyuma ya baiskeli. Alikuwa anautazama ule mzigo mweupe, mrefu wa kimo cha mtoto, wenye matawi juu yake, na nyuma ya mzigo mume wake ana uso wa msiba.

"Kabula wangu," akasema tena. Akauacha ukuta.

Alitembea. Hatua za mwisho alikimbia, nawaambieni alikimbia, akauangukia ule mzigo, baiskeli ikayumba, baba akaishika. Alikuwa anamtazama mke wake aliyekufa akimlilia binti yake aliye hai.

"Abee, mama," nikasema.

Nilisema kwa sababu ameniita. Ndivyo nilivyofundishwa, ukiitwa na mama unaitika. Hakusikia. Alikuwa anararua kamba kwa kucha, alipoona kucha hazitoshi akatumia meno. Matawi yakaruka. Shuka la mama yake likapasuka. Mkeka ukafunguka, nailoni ikafunguka, barafu iliyobaki ikamwagika miguuni mwake, na sangara akatoa kichwa nje, kinywa wazi, jicho limemkodolea.

Nyumba nzima ikawa kimya. Hata Mama Masanja alinyamaza, na hiyo haijawahi kutokea tena mpaka leo.

"Abee, mama," nikarudia.

Akageuka. Akaniangalia kutoka miguuni mpaka kichwani, akanishika sikio, akanigusa pua, akanizaba kofi moja la nguvu ambayo sijui aliitoa wapi, halafu akanivuta tukakaa chini wote wawili kwenye matope ya barafu, ananishika kama anayeogopa nitateleza. Ndipo nililia. Nililia mpaka kwikwi ikanibana, na yeye alikuwa ananipiga mgongoni polepole na kuniuliza, "Ulikuwa wapi? Nakuita, ulikuwa wapi?"

Yule mama mnene wa njiani ndiye aliyeanza kucheka. Alikaa chini kwanza, jembe lake pembeni, akacheka mpaka akajishika mbavu. Wengine wakafuata. Mama Masanja akajitetea kwa sauti kubwa, "Mimi harufu niliisikia. Nikasema maskini, atakuwa amezama ziwani." Ikawa vurugu ya kicheko, watu waliotoka kulia kweli kweli wanafuta machozi yaleyale. Simu ilikutwa chini ya mto, imeisha chaji tangu jioni tuliyofika Nkome.

Waliotusindikiza hawakuondoka. Ungewafukuzaje watu waliokuimbia msiba? Walikata kuni, wakateka maji, yule sangara akalisha uwanja mzima. Mama alipewa supu yenye ndimu kwenye bakuli la bati. Sote tulimtazama koo. Alimeza. Tukasubiri. Akasema, "Mnanitazama nini? Nileteeni na kipande." Homa yake ilichukua muda kuisha, lakini tangu jioni ile chakula hakikurudi tena.

Nilimtafuta baba nikamkuta nyuma ya nyumba. Ameipindua baiskeli, magurudumu juu, anajifanya anaangalia rimu. Alikuwa analia bila sauti, vidole vimeshika spoku.

"Mama anakula," nikamwambia.

"Nasikia." Akajifuta uso kwa mkono wenye mafuta, akajipaka weusi wote. "Nilikuwa najiambia hawa watu hata hawatujui, wamejuaje? Lakini akili haikuwepo." Akazungusha lile gurudumu, likakwaruza. "Na wewe ulimsikia Mama Masanja bombani?"

Kumbe yalimfikia hata pale alipokuwa anapaka cheni mafuta. Kumbe tuliondoka nyumbani wote wawili na maneno yale yale, tukapiga njia yote ile, kila mtu anamficha mwenzake.

Mama aliishi. Alinisuka Jumapili ile na Jumapili nyingine nyingi mno. Tulihama machimbo, tukarudi Tinde, nikakua, nikaolewa, akanilelea watoto, akaninunia, akanisamehe. Lile shuka alilishona pale lilipopasuka, na aliwasimulia wajukuu zake kwamba yeye ni mtu pekee anayemjua aliyemlilia samaki msiba.

Siku ile Tinde, gari lilipofika, watu walikuwa wengi na wimbo ulikuwa uleule. Kabla ya kwenda makaburini wakatangaza kutoa heshima za mwisho, wakafungua kile kidirisha cha jeneza upande wa uso. Tukapanga mstari. Mbele yangu alikuwa baba, amezeeka, ameshika fimbo. Kabla ya zamu yake akageuka akaninong'oneza sikioni, "Kabula, unakumbuka?"

"Nakumbuka, baba."

Akasogea. Aliinama pale muda mrefu mpaka watu wakaanza kumshika mabega. Mimi nilikuwa nyuma yake na nilikuwa naogopa, naogopa vilevile, na kwa utu uzima wangu wote, mama wa watoto, nilikuwa naomba. Niliomba pawe na barafu. Niliomba pawe na jicho linalong'aa na mtu wa kucheka uani. Baba akaondoka, ikawa zamu yangu, nikainama nikaangalia.

Alikuwa ni mama.